Kutafuta Kazi Mtandaoni (Sehemu ya Pili): Tangazo, Ada na Ofisi Iliyo Mbali

Tangazo la kazi hutoka kwa mwajiri, lakini kabla ya kumfikia mtafuta kazi huwa limepita mikononi mwa watu wengi. Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ikitangaza nafasi, tangazo huwekwa kwenye tovuti ya kaunti. Mtu hulipiga picha na kuituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, cha kanisa, cha msikiti au cha waliosoma pamoja. Kufikia jioni limeenea katika simu za vijana wa Chechelesi na mitaa mingine ya mji wa Isiolo nchini Kenya, likiwa limekatwa kichwa, tarehe ya mwisho haisomeki, na chini yake pengine imeongezwa namba ya simu ambayo haikuwepo. Kila mkono unaolipitisha unaweza kulibadilisha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtafuta kazi, kabla hata ya kufungua wasifu uliozungumziwa katika sehemu iliyotangulia, ni kulifuata tangazo hadi lilikotoka.

Kwa nafasi za serikali hilo si gumu, maana vyanzo vyenyewe ni vichache. Tume ya Utumishi wa Umma hutangaza kwenye tovuti yake na kupokea maombi huko huko. Tume ya Huduma kwa Walimu ina mfumo wake. Gazeti la serikali la MyGov, ambalo hutoka kila Jumanne, hubeba matangazo ya wizara na mashirika ya umma, na husomwa bure mtandaoni. Tovuti za serikali ya Kenya huishia na .go.ke, na mwisho huo hautolewi kwa mtu binafsi. Anwani inayoishia na .com huuzwa kwa yeyote mwenye pesa kidogo, hata kama katikati yake yamepachikwa maneno yanayofanana na jina la tume. Cha kutazama ni mwisho wa jina la tovuti, pale kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina hilo. Maneno yanayotangulia mtu hujiandikia atakavyo.

Kwa kampuni za watu binafsi kuna mitandao kama BrighterMonday, MyJobMag na Fuzu. Mitandao hiyo hukusanya matangazo ya waajiri wengi, na kwa hiyo tangazo lililo humo bado linafaa kulinganishwa na lile la tovuti ya mwajiri mwenyewe. Isiolo, ambako mashirika ya misaada, ya uhifadhi na ya maji ni waajiri wakubwa nje ya serikali, mtandao wa ReliefWeb unaoendeshwa na Umoja wa Mataifa una faida zaidi kuliko watu wengi wa kaskazini wanavyodhani. Nafasi nyingi za Isiolo, Marsabit na Garissa huwekwa huko, na hakuna anayelipa chochote kuzisoma. Umoja wa Mataifa wenyewe hurudia katika matangazo yake kwamba hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri.

Baada ya tangazo huja ombi, na hapa ndipo watu wengi wanapopotezea nafasi bila kutapeliwa na mtu. Kujaza fomu ndefu kwa simu ndogo kunachosha, na wengi huenda saiba, yaani duka la huduma za mtandao, mjini. Mhudumu wa saiba, kwa nia njema na kwa haraka, humfungulia mteja barua pepe mpya, humtungia neno la siri, huingiza jina, namba ya kitambulisho na shule, hubonyeza kutuma, na kudai malipo yake. Mteja huondoka na karatasi iliyochapishwa. Mwezi mmoja baadaye mwajiri hutuma wito wa mahojiano kwenye ile barua pepe ambayo mwenyewe hajui kuifungua, na mhudumu amekwisha kusahau neno la siri au hata kuacha kazi pale. Mwajiri huona mtu aliyeitwa asije. Hasara hii haipigiwi kelele kama utapeli, lakini huenda imewanyima watu kazi nyingi zaidi.

Barua pepe ya kutafutia kazi inafaa ifunguliwe kwenye simu ya mwenyewe, kwa jina lake kamili, na iunganishwe na laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake, ili neno la siri likisahaulika liweze kurudishwa. Akiitumia kwenye kompyuta ya saiba, aifunge kabla ya kuinuka, kisha afute kwenye kompyuta hiyo picha za kitambulisho na vyeti alivyovipakia. Kwenye mfumo wa Tume ya Utumishi wa Umma, taarifa za mwombaji hujazwa kwa vipande: mambo binafsi, elimu, ujuzi wa taaluma, wadhamini. Ni busara kuvijaza mapema hata kabla nafasi haijatangazwa, kwa sababu matangazo mengi ya umma hufungwa saa kumi na moja jioni ya siku iliyotajwa, na siku hiyo mfumo huwa umelemewa. Mtandao ukikatika saa kumi na nusu, hakuna wa kulalamikiwa.

Sasa kuhusu fedha, tukianza na umbali. Kutoka Isiolo hadi Nairobi ni takriban kilomita 285. Mtandao umeisogeza karibu habari ya kazi, lakini ofisi inayotoa kazi bado iko kule kule, na nauli ya kwenda kuiona kwa macho na kurudi ni mzigo kwa asiye na kipato. Tapeli huishi katika mwanya huo. Anajua kwamba kijana wa Westlands, Nairobi, anaweza kupanda matatu akaenda kubisha mlango wa kampuni iliyotajwa, na kwamba wa Chechelesi hawezi. Hakuna dalili kwamba watu wa miji ya mbali ni wepesi wa kudanganyika kuliko wengine. Kinachowaponza ni kwamba kuhakikisha kunawagharimu zaidi.

Ujumbe wa utapeli uliotungwa vizuri hufanana na huu: jina lako limepita, mahojiano yamefutwa kwa sababu nafasi ni za dharura, tuma shilingi 1,050 za cheti cha maadili mema kwa namba hii kabla ya saa kumi leo, ukichelewa nafasi inapewa mwingine. Nguvu ya ujumbe huo ni ile shilingi 1,050. Hiyo kweli ndiyo ada ya cheti cha maadili mema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai. Aliyewahi kukiomba, au aliyesikia nduguye akikiomba, huona hesabu imekaa sawa na kuamini yaliyosalia. Lakini ada hiyo hulipwa kwa njia moja tu. Mwombaji huingia mwenyewe kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hujaza fomu na kulipa kwa namba ya malipo ya serikali, 222222, kisha huenda kupigwa alama za vidole vyote kumi, jambo ambalo huweza kufanyika katika Kituo cha Huduma. Vidole havitumwi kwa M-Pesa. Hakuna afisa wa ajira, wa kweli wala wa uongo, awezaye kumpatia mtu cheti hicho kwa pesa zilizotumwa kwenye laini ya simu ya mtu.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwajiri asidai vyeti vya kibali, kama vya Mamlaka ya Mapato (KRA), Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC), isipokuwa pale anapokusudia kuandikiana mkataba na mtu. Marekebisho hayo yalikuja baada ya vijana kulalamika kwa miaka mingi kwamba walikuwa wakitumia fedha kukusanya karatasi za kazi ambazo hawakuzipata kamwe. Ni kinga nzuri, na inasikitisha kwamba haijulikani sana nje ya miji mikubwa.

Ada zenye majina mengine hufuata mkondo ule ule: ya usajili, ya sare, ya vipimo vya daktari, ya mafunzo, ya kufungua faili. Mwajiri wa kweli anaweza kumtaka mtu apimwe afya, lakini hamwambii atume gharama hiyo kwa simu ya ofisa asiyemjua. Pia kuna anayejiita mtu wa ndani, anayeahidi kusukuma jina. Huyo, hata akiwa kweli anafanya kazi katika ofisi hiyo, anauza asicho nacho. Matangazo ya umma husema wazi kwamba atakayetafuta kupendelewa ataondolewa, na kumlipa ni kosa la hongo kwa pande zote mbili.

Isiolo ni mji wa kambi za jeshi, na ndoto ya kuvaa sare iko karibu na macho ya vijana wake. Jeshi la Ulinzi la Kenya halitozi ada ya kuajiri, na makurutu wa kawaida huitwa viwanjani wafike wenyewe na vyeti vyao halisi, mchana, mbele ya watu. Hata hivyo barua bandia za kujiunga zimeuzwa mwaka baada ya mwaka. Mara kadhaa vijana wamefika Eldoret, kwenye chuo cha mafunzo ya makurutu, wakiwa na mizigo yao na barua zenye nembo na mhuri, wakakamatwa langoni. Familia zilikuwa zimekwisha kuuza mifugo au shamba ili kuilipia barua. Aliyeuza hakuwepo.

Kuna kazi zinazofanywa mtandaoni kwenyewe. Mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanzishwa mwaka 2016, umewafundisha vijana wengi kuandika, kunukuu sauti na kupanga data kwa wateja wa nje, na kazi hizo zipo kweli. Mitego yake ni miwili. Wa kwanza ni ujumbe wa Telegram au WhatsApp unaotoa kazi ya kupenda video au kutathmini hoteli. Siku ya kwanza mtu hulipwa kweli, shilingi mia moja au mia mbili. Kisha huambiwa aweke amana ndogo ili apate kazi zenye malipo makubwa, na fedha zake huonekana zikiongezeka kwenye skrini. Akitaka kuzitoa, hudaiwa kodi, kisha ada ya kufungulia akaunti, na kuendelea hadi achoke. Zile mia za mwanzo zilikuwa chambo, na namba zilizo kwenye skrini hazina fedha nyuma yake.

Mtego wa pili ni kununua au kukodi akaunti ya mtu mwingine kwenye mitandao ya kazi kama Upwork. Akaunti iliyothibitishwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine inaweza kufungwa siku yoyote, na muuzaji anaweza kuirudisha mikononi mwake kwa sababu jina ni lake. Kampuni yenye mtandao wa kazi pia inaweza kuondoka. Mnamo Machi 2024 mtandao wa Remotasks ulisitisha huduma zake Kenya, na kazi ambayo watu walikuwa wameijengea maisha ikakatika ghafla. Aliyekuwa akitumia akaunti ya kununua hakuwa na pa kudai.

Kazi za ng'ambo zinastahili tahadhari kubwa zaidi, kwa kuwa huko kinachopotea si fedha peke yake. Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ilieleza jinsi Wakenya walivyoahidiwa kazi za huduma kwa wateja nchini Thailand, wakavushwa hadi Myanmar na Laos na kulazimishwa kuwatapeli wengine mtandaoni. Makumi kadhaa waliokolewa. Novemba 2025 serikali ilisema kwamba zaidi ya Wakenya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi katika vita vya Ukraine, baadhi yao wakiwa wameahidiwa kazi nyingine kabisa. Anayeahidiwa kazi ya Saudia, Qatar au Ulaya anapaswa kuangalia jina la wakala katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na kuona kama leseni bado ni hai. Wakala anayemtaka mtu asafiri kwa viza ya utalii huku akimwahidi mkataba akifika, hata akiwa na ofisi nzuri na mapokezi mazuri, anamtoa mtu nje ya ulinzi wa sheria za nchi zote mbili.

Kuhakikisha si lazima kufanyike Nairobi. Tume ya Utumishi wa Umma huchapisha majina ya walioitwa kwenye mahojiano katika tovuti yake, na asiyeliona jina lake humo hana sababu ya kumwamini aliyempigia simu. Bodi ya kaunti na Kituo cha Huduma viko mjini Isiolo, na tangazo likichapishwa kwenye karatasi linaweza kupelekwa huko kwa miguu. Simu ya mwajiri itafutwe kwenye tovuti yake, isichukuliwe kutoka kwenye ujumbe unaotiliwa shaka, kwa sababu namba iliyo ndani ya ujumbe itajibiwa na yule yule aliyeuandika.

Pesa ikishatumwa, dakika ndizo muhimu. Kampuni ya simu ijulishwe mara moja, maana fedha ambazo mpokeaji hajazitoa bado zinaweza kuzuiwa, na zilizokwisha kutolewa hazirudi kwa njia hiyo. Safaricom hupokea taarifa za namba za matapeli kwa ujumbe kwenda 333. Ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo na tangazo lenyewe vihifadhiwe bila kufutwa, kisha taarifa iandikishwe kituo cha polisi na namba ya kitabu cha matukio ichukuliwe. Idara ya Upelelezi nayo hupokea simu bure kwa namba 0800 722 203. Wengi hunyamaza kwa aibu, na ukimya wao humwachia tapeli laini yake ikiendelea kufanya kazi.

Aliyetuma picha ya kitambulisho ana jambo moja zaidi la kufanya, hata kama hakupoteza shilingi. Kitambulisho hicho kinaweza kutumiwa kusajili laini ya simu, na laini hiyo kutumiwa kutapeli wengine kwa jina lake. Akipiga *106# huonyeshwa laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoitambua, aiarifu kampuni ya simu ili ifungwe.