Je, Wajua? Jina la Kampuni Linapogeuka Kitenzi

Je, wajua kwamba kitenzi "ku-google" kilianzia kwa Google wenyewe? Julai 1998, kabla hata kampuni haijasajiliwa, Larry Page, mwanzilishi mwenza wa Google, alimaliza barua pepe kwa watumiaji wa mtambo wake wa kutafutia kwa kuwatakia wafurahie kuendelea ku-google. Mwaka 2006 neno hilo likaingia katika kamusi za Oxford na Merriam-Webster. Mwaka huohuo Google ikaanza kuwasihi watu walitumie pale tu wanapotafuta kwa Google yenyewe.

Je, wajua kwamba washindani walitamani majina yao nayo yageuke vitenzi? Katika miaka ya 1990 tangazo la Yahoo liliwauliza watu kama wao wana-Yahoo. Mwaka 2009, Steve Ballmer wa Microsoft alisema jina Bing lilipendwa, pamoja na mengine, kwa kuwa lingeweza kugeuzwa kitenzi. Umma haukuitikia.

Je, wajua kwamba Sweden iliwahi kufuta neno? Baraza la Lugha la nchi hiyo liliorodhesha "ogooglebar", yaani kitu kisichopatikana kwa kutafuta mtandaoni. Google ikataka maana hiyo ihusishwe na huduma yake pekee. Mwaka 2013 Baraza likaliondoa neno hilo badala ya kubadili maana, likasisitiza kwamba wenye lugha ni wasemaji.

Kwa nini kampuni ziogope sifa? Hataza ya uvumbuzi ina mwisho, kwa kawaida miaka 20. Alama ya biashara haina mwisho, mradi ihuishwe. Tanzania Bara usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha unahuishwa kila baada ya miaka 10. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo. Hata hivyo, kuna nchi ambako mahakama inaweza kuamua kwamba jina limekuwa la watu wote, na hapo mshindani yeyote analibandika kwenye bidhaa yake.

Je, wajua kwamba aspirini ni jina lililopotea hivyo? Bayer ya Ujerumani ililisajili mwaka 1899. Mwaka 1921 Jaji Learned Hand, New York, aliona kwamba mnunuzi wa kawaida hakuwa na jina jingine la kuitia dawa ile. Nani angemwambia muuza duka "nipe asidi asetilisalisili"? Huko Kanada jina bado ni mali ya Bayer.

Na "escalator"? Ngazi za umeme zilikuwa na jina hilo kama alama ya kampuni ya Otis. Otis ikaipoteza alama hiyo huko Marekani mwaka 1950. Ushahidi mmoja ulitoka mkononi mwake: hati zake za hataza zililitaja jina hilo kama la kifaa chochote cha aina hiyo.

Je, wajua kwamba Thermos nayo ilishindwa Marekani mwaka 1963, kwa sababu umma haukuwa na neno jingine jepesi la chombo hicho? Huku kwetu mama ntilie anakwambia tu "chupa ya chai", iwe ya kampuni gani.

Xerox ilinusurika. Mashine yake namba 914 ilitoka mwaka 1959 na watu wakaanza "ku-xerox" karatasi. Kampuni ikalipia matangazo miaka mingi kuwakumbusha kwamba wanatoa fotokopi. Ilijua dawa: ukitaka jina lako libaki lako, kipe kitu jina lake.

Je, wajua kwamba Poland baiskeli huitwa "rower"? Jina limetokana na Rover, baiskeli ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1885.

Sisi nasi hatujambo. Bajaji ni jina la kampuni ya India, Bajaj, lakini Dar es Salaam utasikia "bajaji ya TVS", na TVS ni kampuni nyingine kabisa. Katapila linatokana na Caterpillar ya Marekani. Kiwi ni dawa ya viatu iliyoanzia Australia mwaka 1906, na mng'arisha viatu "hupiga kiwi" hata kopo likiwa na nembo nyingine.

Je, wajua kwamba kitenzi chenyewe si kosa mbele ya sheria? Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikataa kuifutia Google alama yake. Ilisema mtu anaweza ku-google huku akiijua vyema Google ni nani. Swali la msingi ni kama umma unalichukua jina kuwa la mitambo yote ya kutafutia.

Na jina lina thamani gani? M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007. Mwaka 2020 Safaricom na Vodacom zilikamilisha ununuzi wa jina hilo kutoka Vodafone. Jina lenyewe, achilia mbali minara na laini, lilikuwa sehemu ya kilichonunuliwa.

Basi, tutumie au tusitumie? Kijiweni sema utakavyo. Hakuna askari wa kukukamata kwa ku-google. Kwenye habari, mkataba au maelekezo ya malipo, taja kitendo: tafuta mtandaoni, toa kopi, tuma pesa. Ukimwambia mtu "nimekutumia kwa M-Pesa" na kumbe umetumia Airtel Money, atakodolea macho laini isiyo na kitu. Na kampuni inayoona jina lake linapotea isimkaripie msemaji. Ijiulize kwanza kama ilimpa neno jingine la kutumia.