Jumba la Kizungu kando ya Ziwa la Mamba

Msafiri atokaye Mpika kwenda Chinsali, katika nchi ya Zambia, akiiacha barabara kuu na kuishika njia ya vumbi, huja kustaajabu. Porini, mbele yake, lasimama jumba kama yale ya mabwana wakubwa wa mashambani Uingereza: kuta za matofali, mnara, paa la vigae, bustani ya maua, na kikanisa ndani yake. Chini yake ni ziwa Shiwa Ng'andu. Ng'andu kwa Kibemba ni mamba, na Mamba ndio ukoo wa wafalme wa Wabemba. Wazee wao husimulia kwamba babu zao walitoka kwetu Kongo, katika nchi ya Waluba.

Mwenye jumba, Stewart Gore-Browne, alizaliwa mwaka 1883. Huyu askari Mwingereza naye aliletwa na mambo ya kwetu, maana kati ya 1911 na 1914 alikuwa katika tume iliyopima mpaka wa Katanga na Rhodesia ya Kaskazini. Kazi ilipokwisha, akaliona ziwa, akalipenda. Vita vya Ulaya vikamwita. Mwaka 1920 akarudi akiwa mwenye shamba.

Na ni nani waliojenga? Kituo cha gari-moshi kilikuwa mbali, huko Ndola. Mizigo ilikwenda vichwani mwa wapagazi, na kwa mitumbwi kupita mabwawa ya Bangweulu. Matofali na vigae vilifinyangwa na kuchomwa palepale kwa mikono ya wenyeji. Juu ya meko ya chumba cha vitabu yaliandikwa maneno ya Kilatini ya Horatius. Sisi tuliohangaika na Kilatini shuleni tunajiuliza ni wangapi kati ya waliobeba matofali hayo walifasiriwa maana yake.

Malimau na maua yalikamuliwa mafuta ya manukato ya kuuzwa ng'ambo. Lakini miti ikapatwa na ugonjwa, na shamba halikupata kamwe kulilipia jumba. Mara nyingi fedha zilitoka kwa shangazi yake, Ethel Locke King, ambaye pamoja na mumewe alijenga uwanja wa mbio za magari wa Brooklands, uliofunguliwa mwaka 1907.

Watu walimwita Chipembele, yaani kifaru, na jina hilo halikukosa sababu. Hasira yake ilikuwa kali, na wafanyakazi walionja fimbo yake. Lakini mtu huyohuyo aliwajengea nyumba za matofali, shule na zahanati. Mwaka 1935 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na tangu 1938 akawekwa kuwasemea Waafrika humo. Baadaye akawa upande wa waliodai uhuru, hata walowezi wenzake wengi wakamchukia. Tunamwomba msomaji asifanye haraka kumsafisha, wala kumlaani. Fimbo ilikuwa kweli, na maneno yale barazani yalikuwa kweli.

Alifariki mwaka 1967, miaka mitatu baada ya uhuru. Rais Kaunda, mzaliwa wa Lubwa, misioni iliyo karibu na Chinsali, aliamuru azikwe kwa heshima ya taifa, na kaburi lake liko kilimani juu ya ziwa. Jumba lilichakaa muda mrefu. Wazao wake wamelitengeneza tena, na wageni hulala humo kwa malipo.