Kuzitambua Silaha za Kale za Japani

Silaha ya kale aghalabu hurithiwa bila maandishi. Aliyeileta nyumbani amekwisha kufariki, na habari zake zimesahauliwa au zimetiwa chumvi. Mrithi hubaki na chuma chenye kutu na swali moja: ni kitu gani hiki, na ni cha zamani gani? Kwa silaha za Japani, jibu mara nyingi limo katika chuma chenyewe. Lakini limo mahali ambapo mtu asiyejua huwahi kupaharibu kwa kupasugua.

Kabla ya uchunguzi wowote, hapana budi kuhakikisha usalama. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu huweza kuwaka hata baada ya miaka mingi, na gobore la kale huweza kuwa bado limeshindiliwa. Silaha yoyote ya moto ichukuliwe kuwa ina risasi mpaka mtaalamu athibitishe vingine.

Gobore la utambi

Bunduki ziliingia Japani mwaka 1543, Wareno walipofika katika kisiwa cha Tanegashima. Wahunzi wa Kijapani walijifunza upesi kuziunda, na kufikia mwaka 1575, katika vita vya Nagashino, zilitumiwa kwa wingi. Bunduki hizo ziliwashwa kwa utambi uliokuwa ukifuka moto. Kitako chake ni kifupi, kwa kuwa mpigaji alikiweka shavuni, si begani; na mtutu umeshikizwa katika mti kwa vijiti.

Umbo hilo halikubadilika sana mpaka katikati ya karne ya 19. Kwa hiyo umbo pekee halitoshi kuonyesha umri. Aghalabu jina la mhunzi na mji wake, kama vile Sakai au Kunitomo, huchongwa upande wa chini wa mtutu, ambako hufichwa na mti. Mtutu hautolewi ila na mtu mwenye ujuzi, kwani vijiti na mti wa kale huvunjika kwa urahisi.

Upanga

Upanga nao huficha ushahidi wake ndani ya mpini. Kijiti kiushikacho kikitolewa, msuka huonekana, na juu yake huweza kuwapo jina la mhunzi. Hata hivyo, majina ya wahunzi mashuhuri yameghushiwa tangu zamani. Kwa sababu hiyo mtaalamu hutazama pia kutu. Kutu ya karne nyingi ni nyeusi au ya kahawia iliyoiva, nayo hupasa kulingana ndani ya michoro ya jina na pembeni yake. Msuka ukisuguliwa kwa msasa, ushahidi huo hutoweka, wala haurudishiki.

Ushahidi wa pili umo katika makali. Kabla ya kuutia upanga motoni, mhunzi huupaka udongo, mzito mgongoni na mwembamba makalini. Upanga ukiisha kuwa mwekundu hutumbukizwa majini. Makali hupoa ghafla. Kaboni iliyomo katika chuma cha pua haipati muda wa kujitenga, na hapo hufanyika fuwele ngumu sana ziitwazo matensiti. Mgongo hupoa polepole, hivyo hubaki laini zaidi na hauvunjiki upesi. Mpaka wa sehemu hizo mbili huonekana kama ukungu mweupe, nao Wajapani huuita hamon. Kwa kioo cha kukuzia, chembe zing'aazo huweza kuonekana kwenye mpaka wa kweli. Mpaka uliochorwa kwa asidi hauna chembe hizo.

Silaha za karne ya 20

Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari wengi wa mataifa yaliyoshinda walirudi makwao na silaha za jeshi la Japani. Jeshi hilo ndilo lililokabiliwa huko Burma mwaka 1944 na askari wa Afrika Mashariki wa Divisheni ya 11. Hapa kazi ya mtambuzi ni hesabu, maana Japani ilihesabu miaka kwa njia zaidi ya moja.

Bunduki ya Aina ya 38 hutajwa kwa mwaka wa 38 wa enzi ya Meiji: 1867 kujumlisha 38 ni 1905. Bastola ya Aina ya 14 hutajwa kwa enzi ya Taisho: 1911 kujumlisha 14 ni 1925. Bunduki ya Aina ya 99 hufuata kalenda ya kifalme, mwaka 2599: ukitoa 660, hubaki 1939. Lakini huo ni mwaka wa kupitishwa kwa aina, si wa kutengenezwa kwa silaha yenyewe. Bastola ya Aina ya 14 yenye alama 19.3 ilitengenezwa mwezi wa tatu, mwaka wa 19 wa enzi ya Showa: 1925 kujumlisha 19, yaani 1944.

Juu ya bunduki hizo palichongwa ua la petali 16, nembo ya Mfalme. Katika nyingi zilizosalimishwa mwaka 1945, ua hilo lilikwanguliwa. Mkwaruzo huo nao ni sehemu ya historia yake.

Basi mrithi apige picha, apime urefu, anakili alama zote, aulize sheria ya nchi yake kuhusu kumiliki silaha, na aiache kutu kama ilivyo. Kitu kilichoachwa bila kusafishwa chaweza kusafishwa kesho. Kilichokwisha kusuguliwa hakisomeki tena.