Fahamu: Neno la kale kwenye menyu za Hong Kong

Katika migahawa ya Hong Kong, supu ya siku huandikwa 是日例湯, nayo husomwa "si yat lai tong". Ni rahisi kudhani kwamba 是, yaani "si", ni la Kimandarini tu, ambako lina maana ya "ni", kwa kuwa Mkantoni akizungumza husema "hai" (係). Lakini hapa 是 ni "hii": siku hii. Ndivyo lilivyotumika katika Kichina cha kale, zama za Confucius, kabla ya kugeuka kitenzi.

Lipo pingamizi, nalo lina uzito: hiyo ni lugha ya maandishi, na mtu akitaka kumwambia mwenzake "leo" husema "gam yat". Kweli. Ila neno linalosomwa kwa matamshi ya Kikantoni, likaeleweka na mpishi na mteja bila kamusi, haliwezi kuitwa geni. Tena alama hiyohiyo imo katika mazungumzo ya kila siku: mtu akiulizwa atakunywa nini, hujibu "si daan" (是但), chochote tu.