Namba Yako Unapoomba Leseni ya Bunduki

Sasa unajua kusoma na kuandika. Unaweza kujaza fomu mwenyewe bila kumtafuta mtu wa kukuandikia. Hiyo ni nguvu kubwa. Lakini kila unapojaza fomu, unaacha kitu chako kwenye karatasi. Unaacha jina lako, kijiji chako na namba zako. Katika somo hili tutazungumza juu ya maombi ya leseni ya silaha, na juu ya kutunza namba ya kitambulisho chako cha taifa.

Silaha katika wilaya zetu

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo ni jirani yake. Mwezi Aprili 1994, watu wengi sana walivuka mpaka pale Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda. Wengi wao walikuwa watu wa amani, wazee, akina mama na watoto. Lakini vita vya nchi jirani vilileta pia bunduki mikononi mwa majambazi. Kwa miaka mingi mabasi yalipita baadhi ya misitu ya huku yakisindikizwa na askari.

Kwa hiyo serikali inachunga silaha kwa makini. Sheria inayotumika ni ya mwaka 2015. Hakuna ruhusa ya kuwa na bunduki bila leseni. Hata gobore la kulinda shamba linahitaji leseni.

Namba ina nini ndani yake?

Sheria ya kusajili na kutambua watu ilitungwa mwaka 1986. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yaani NIDA, iliundwa mwaka 2008. Namba inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20. Tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Kwanza ni mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Mtu aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1974, namba yake huanza na 19740309.

Kwa hiyo anayeiona namba yako anajua umri wako. Tena namba hii haibadiliki. Kufuli likiharibika utanunua jingine. Namba hii utakuwa nayo maisha yako yote.

Huku mpakani namba hii ina uzito zaidi. Maafisa wa Uhamiaji huwahoji waombaji ili kuhakikisha kwamba ni raia. Wako waliosubiri muda mrefu kabla ya kuipata. Kitu kilichopatikana kwa taabu hakistahili kutupwa ovyo.

Usichanganye namba hii na namba ya siri ya kutolea pesa kwenye simu. Namba ya kitambulisho hupewa ofisi inayohusika. Namba ya siri hapewi mtu yeyote, awe wakala, askari au ndugu yako.

Karatasi hupita mikono mingi

Tuseme una shamba jirani na Hifadhi ya Burigi-Chato. Wanyama wanamaliza mahindi yako, nawe unataka kuomba leseni ya bunduki. Utaanzia kwenye serikali ya kijiji, kisha katani, kisha polisi wa wilaya. Polisi ndio wanaosimamia leseni za silaha.

Ni vizuri kijiji kiulizwe habari zako. Majirani wanajua kama wewe ni mlevi, kama ni mgomvi, kama unampiga mkeo. Mtu wa namna hiyo asipewe bunduki. Lakini kinachopimwa pale kijijini ni tabia yako. Majirani wanaweza kuipima bila kuijua namba yako. Usiitaje mkutanoni kwa sauti. Usiiandike kwenye karatasi inayozungushwa watu waisome.

Fikiri njia yote ya karatasi yako. Umekwenda dukani kutoa kivuli cha kitambulisho. Kivuli kimoja kimetoka vibaya, kikatupwa chini. Kijana wa duka amepiga picha ya fomu kwa simu ili aichapishe. Kishoka amekuambia, "Nitumie namba yako, nitakusaidia leseni itoke upesi." Hapo watu watatu wanaweza kuipata namba yako, na hakuna hata mmoja mwenye kazi nayo.

Hatari zake

Hatari ya kwanza ni wizi wa silaha. Mtu anayebeba bastola chini ya shati hataki ijulikane. Mwenye bunduki nyumbani vilevile hataki. Fomu yako inasema wewe ni nani, unakaa wapi na unataka silaha gani. Ikifika kwa jambazi, amejua nyumba ya kuvunja. Bunduki ikiibwa, inaweza kuua mtu kesho.

Hatari ya pili ni jina lako kutumiwa na mwingine. Leo laini za simu husajiliwa kwa namba ya kitambulisho pamoja na alama ya kidole. Mwenye namba yako amefika nusu ya njia. Wakala mwenye hila akikuambia, "Bonyeza tena, alama haikushika," anaweza kuwa anasajili laini ya pili kwa jina lako. Laini hiyo ikitumiwa kutapeli watu, polisi watakuja kwako kwanza. Na wewe unayeomba leseni unatakiwa uwe mtu asiye na doa.

Haki yako

Jambo hili limewasumbua watu wa nchi nyingine pia. Huko Marekani, katika baadhi ya majimbo, watu walioomba leseni ya kubeba bastola walitakiwa kuandika namba yao ya hifadhi ya jamii. Wengine walikataa, wakataja sheria ya mwaka 1974. Sheria hiyo inasema kwamba ofisi ya serikali inayoomba namba hiyo ieleze mambo matatu: kama ni lazima au ni hiari, ni sheria gani inayoiruhusu, na namba itatumika kwa kazi gani.

Hapa Tanzania, Katiba, katika ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Tena iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hii inataka anayechukua taarifa zako akujulishe anazichukua kwa kusudi gani na zitapelekwa kwa nani. Asizitumie kwa kazi nyingine. Iko pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayopokea malalamiko ya wananchi.

Haki hii haina maana ya kuwaficha polisi. Wao lazima wajue anayeomba silaha ni nani hasa. Wape namba yako sahihi. Kudanganya kwenye fomu ni kosa. Unachokataa ni namba yako kuzagaa.

Mambo ya kufanya

1. Jaza fomu mwenyewe. Ukihitaji msaada, tafuta mtu unayemwamini.

2. Mtu akitaka namba yako, muulize kwa heshima: "Ndugu, namba hii ni ya kazi gani? Nani ataiona?"

3. Peleka fomu mwenyewe kwenye ofisi. Usimpe kishoka.

4. Unapotoa kivuli, simama hapo hapo. Hesabu vivuli. Kilichoharibika kichukue ukakichome moto nyumbani. Kama karatasi yako ilipigwa picha, omba picha ifutwe mbele yako.

5. Juu ya kivuli andika kazi yake na tarehe, kwa mfano: "Kwa maombi ya leseni ya silaha tu."

6. Piga *106# kwenye simu yako, ufuate maelekezo. Utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona laini usiyoijua, nenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu ikafutwe.

7. Kitambulisho kikipotea, toa taarifa polisi mara moja.

Akiba haiozi. Uangalifu wa leo utakulinda wewe, na utawalinda majirani zako.

Maneno ya kujifunza

Faragha: hali ya mtu kuwa na mambo yake yasiyoingiliwa na wengine.
Kishoka: mtu asiye mfanyakazi wa ofisi anayejifanya kusaidia ili apate pesa.
Kivuli: nakala ya karatasi inayotolewa kwa mashine.
Tarakimu: alama za kuandikia hesabu, kuanzia 0 hadi 9.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Tarakimu 8 za mwanzo za namba ya kitambulisho zinaonyesha nini?

2. Kuna tofauti gani kati ya namba ya kitambulisho na namba ya siri ya simu?

3. Kwa nini majirani waulizwe juu ya tabia ya mtu anayeomba bunduki?

4. Tangu mwaka huu uanze, umeacha kivuli cha kitambulisho chako mahali pangapi? Kila mahali walikuwa na kazi nacho?