Kuchora mtu mwenye kufanya kazi: pozi unaitoa wapi?

Wandugu, mimi ni agronome, si msanii. Lakini wakati kunatafutwa picha za kufundishia wakulima, kijana wa Katoyi mwenye kujua kushika krayo njo anaitwa.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa juu ya mnyauko wa migomba, ule ugonjwa wa bakteria wenye kumaliza ndizi zetu hapa Kivu. Nilichora mwanaume kifua mbele, panga juu, karibu akate lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Pozi ya sinema kabisa! Mama moja mkulima akaangalia, akauliza: "Kumbe tukate na panga?" Nikaishiwa nguvu. Wadudu wanaleta bakteria kwenye ua hilo, kwa hiyo linatolewa mara tu kichane cha mwisho kikisha kutokea. Lakini linavunjwa na kijiti chenye panda, kwa sababu panga linabeba utomvu wa mgomba mgonjwa mpaka kwa mzima. Pozi yangu ilikuwa inafundisha kueneza ugonjwa.

Nikaenda shambani. Nilimuomba mama asinionyeshe, afanye tu kazi yake. Migomba miwili ya kwanza alikuwa anajua ninamuangalia, mgongo wima kama mtu wa foto ya harusi. Kufika wa tatu, alinisahau. Visigino vikapanda, shingo ikarudi nyuma, mikono juu, moja ikisukuma, ingine ikizungusha kijiti. Pale njo pozi inatoka.

Ila huwezi kuchora yote. Mimi nilichagua wakati ua limepinda lakini halijaanguka: mtu anaona kilichofanyika na kitakachofuata. Halafu nikapaka mwili wote mweusi, kama kivuli. Kwa mbele, mikono na kijiti vilipotelea ndani ya kifua. Kwa upande, kila kitu kilionekana. Jaribu hiyo, haiombi pesa.

Uzito pia. Shusha mstari kutoka shingo mpaka chini. Usipokuta miguu karibu, mtu wako anaanguka, isipokuwa kama anasukuma kitu. Angalia mwenye chukudu kwenye mlima: akiiachilia, atalala chini. Mama mwenye kubeba mzigo kwa kamba ya kipaji, shingo na mgongo vinainama pamoja. Na hapa kwetu tunakanyaga mawe ya volkano. Ukichora nyayo zimelala bapa, watu wa Goma watajua haujatembea hapa.

Foto ya telefone inasaidia, ukisha kuomba ruhusa, lakini usipige karibu sana: mkono ulio mbele unakuwa mkubwa kuliko kichwa.

Nilirudisha picha ya pili kwa yule mama. Alicheka, akasema shingo ya huyu mtu itamuuma usiku. Halafu akaweka kidole kwenye kijiti: kilikuwa kifupi, hakingefika kwenye ua. Nikafuta, nikakirefusha palepale.