Pengo halizibwi kwa kukariri

WAHENGA walituachia usia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema, hata hivyo, kwamba ufa huzibwa kwa chochote kinachookotwa njiani. Usia huo hunijia kila nitazamapo jinsi watahiniwa wetu wanavyojiandaa kwa lile swali la Kiingereza linalowataka wajaze mapengo katika kifungu.

Swali lenyewe si geni. Katika KCPE, mtihani uliofanywa tangu 1985 hadi 2023, kwa miaka mingi maswali 15 ya kwanza ya Kiingereza yalikuwa ya aina hii, na mtahiniwa alichagua jibu moja kati ya manne. Katika KCSE mambo ni magumu zaidi. Mtahiniwa huachiwa mapengo 10 katika karatasi ya kwanza bila ya kupewa majibu ya kuchagulia. Kila pengo lina alama moja, na karatasi nzima ina alama 60.

Alama 10 zaweza kuonekana haba. Lakini aghalabu ndizo zinazomvusha mtahiniwa kutoka gredi moja hadi nyingine, na gredi ya Kiingereza yaweza kumfungulia kijana mlango wa kozi anayoitamani, au kuufunga.

Kwa sababu hiyo wazazi hununua vijitabu vya mazoezi, nao walimu huwakaririsha wanafunzi orodha ndefu: "good" huandamana na "at", "afraid" huandamana na "of", "interested" huandamana na "in". Orodha hizo si haramu. Kasoro yake ni kwamba mtihani hauulizi orodha. Mtihani huuliza habari nzima, na neno linalotakiwa hutegemea maneno yaliyolitangulia na yatakayolifuata, wakati mwingine hata sentensi iliyo mbali kabisa.

Hebu tukumbuke asili ya zoezi hili. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor alipendekeza mbinu ya kufuta maneno katika matini kwa mpangilio maalumu, kisha kumtaka msomaji ayarejeshe. Nia yake haikuwa kumpima mwanafunzi. Alitaka kupima iwapo matini yenyewe yasomeka kwa urahisi. Baadaye ndipo walimu wa lugha walipoigeuza mbinu hiyo ikawa mtihani. Tangu mwanzo, basi, pengo lilihusu usomaji. Anayelikabili kana kwamba ni kitendawili cha neno moja amekwisha kupotea kabla ya kushika kalamu.

Tutazame mifano. Chukua sentensi hii: "Although it rained heavily, ____ farmers did not plant." Watahiniwa wengi wataandika "but". Kwa nini? Kwa sababu katika Kiswahili twaweza kusema, "Ingawa mvua ilinyesha sana, lakini wakulima hawakupanda," na hakuna atakayetushangaa. Kiingereza sanifu hutosheka na kiunganishi kimoja. Pengo hilo lataka "the" au "many" au neno jingine la kumfafanua mkulima.

Au hii: "The committee discussed ____ matter for two hours." Mwanafunzi ataandika "about" bila ya kusita, maana sisi hujadiliana kuhusu jambo. Katika Kiingereza kitenzi hicho hakihitaji kihusishi. Hulipokea jambo moja kwa moja. Jibu ni "the" au "this".

Hali kadhalika nyakati. Mswahili husema, "Anaishi Kisumu tangu 2015," na kusema kwake ni sahihi. Akiihamisha sentensi hiyo neno kwa neno ataandika "lives", ilhali Kiingereza chadai "has lived". Na kwa kuwa "yeye" wetu hana jinsia, kijana huandika "he" huku aya ya kwanza ikiwa imekwisha kumtaja mama.

Mwenye haraka ataona mifano hii akatoa hukumu: Kiswahili ndicho kinachowaponza watoto! La hasha. Tazama sentensi hii: "The quality of the mangoes ____ poor." Wengi huvutwa na maembe yaliyo karibu na pengo wakaandika "were". Lakini mwulize kijana huyo huyo aiseme kwa Kiswahili. Atasema, "Ubora wa maembe hayo ulikuwa duni." Hatasema "yalikuwa". Kiambishi "u" kimekwisha kumwonyesha kwamba mwenye sentensi ni ubora. Akijua hivyo, "was" hujileta yenyewe.

Vivyo hivyo, twaambiwa kwamba Mwafrika hawezi kuelewa tofauti ya "a" na "the" kwa sababu lugha zetu hazina vijineno hivyo. Basi linganisha "nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu". Katika ya pili, yule "ki" wa katikati aghalabu huashiria kitabu ambacho msemaji na msikilizaji wanakijua. Maana hiyo iko jirani sana na maana ya "the". Kijana huyu analo wazo. Kilichobaki ni kuonyeshwa vazi ambalo wazo hilo huvaa katika lugha nyingine.

Ndiyo maana nasikitika ninaposikia kwamba zingali zipo shule zinazomwadhibu mwanafunzi kwa kusema Kiswahili au lugha ya mama, ati ndipo Kiingereza kinyooke. Huko ni kumnyang'anya mjenzi timazi kisha kumlaumu ukuta unapopinda. Mwalimu angetenga kipindi kimoja tu kwa juma kuzilinganisha lugha hizi ubaoni, mtego mmoja baada ya mwingine, wanafunzi wangefahamu kwa nini wanakosea, si kwamba wamekosea tu.

Najua walimu watasema kwamba muda hautoshi na silabasi ni ndefu. Ni kweli. Kwa hivyo nitapendekeza utaratibu usiohitaji muda mwingi wala fedha.

Kwanza, mtahiniwa asome kifungu chote hadi mwisho kabla ya kujaza chochote. Pili, katika kila pengo ajiulize ni aina gani ya neno inayohitajika: nomino, kitenzi, kihusishi au kiunganishi? Tatu, atazame kushoto na kulia. Pengo linalotanguliwa na "an" litapokea neno linaloanza kwa sauti ya irabu. Twasema "an hour" lakini "a university", kwa kuwa sikio ndilo hakimu, si herufi. Nne, akimaliza asome tena kifungu kizima akiwa na majibu yake, aone kama habari inatiririka. Na aandike neno moja tu, kwa tahajia iliyo sahihi.

Nje ya darasa, wanafunzi wawili wachukue makala ya gazeti la Kiingereza, hata la juma lililopita. Mmoja afute kila neno la saba, mwenziwe ayajaze. Kisha walinganishe na makala asilia na kubishana: je, neno hili tofauti lakubalika? Kama halikubaliki, kwa nini? Katika mabishano hayo ndimo sarufi inamofundishika. Gazeti kuukuu hupatikana hata pale ambapo kijitabu cha mazoezi hakinunuliki, nalo huleta habari mpya kila siku, ilhali orodha ni ile ile.

Sisemi kwamba karatasi za mitihani iliyopita zitupwe. Zina manufaa ya kumzoesha mtahiniwa sura ya swali na mwendo wa saa. Lakini karatasi hizo ni kioo, wala si chakula. Atakayejitazama kiooni mwaka mzima bila ya kula hatanenepa.

Chakula ni kusoma. Mtoto aliyesoma hadithi, barua na magazeti amekwisha kukutana na "take an oath" na "make a call" mahali pake, wala hatadhani kwamba kiapo kinaliwa na simu inapigwa katika kila lugha. Walimu na wazazi, tuwawekee vijana maandishi mikononi kabla ya kuwawekea mapengo mbele ya macho.